Kabla ya sanamu kuna mchoro: funzo la Homa Bay na Migori kwa watu wa pwani

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, miji mingi ya Kenya imeingiwa na hamu ya kusimamisha sanamu za mashujaa wake. Hamu hiyo ni nzuri. Shida ni kwamba sisi wananchi huiona sanamu siku ya kufunuliwa kitambaa, pesa zimeshalipwa na saruji imeshakauka. Siku hiyo hata ukisema pua si yake, au kwamba marehemu hakuvaa hivyo maishani mwake, maneno yako hayana pa kwenda. Makala hii inahusu hatua ya mapema zaidi, pale ambapo neno la mwananchi bado lina kazi: mchoro wa awali.

Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mchonga sanamu hilo ni jambo la kila siku. Kosa lililo kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio. Likifika kwenye udongo hugharimu siku nzima. Likifika kwenye bronzi hutaka msumeno, moto na fedha nyingine.

Nimechagua Homa Bay na Migori kwa sababu tatu. Homa Bay amezikwa mtu aliyejengewa kumbukumbu mbili zisizofanana hata kidogo, na ukizilinganisha unaiona wazi kazi ya mchoro. Migori ni jirani wa machimbo ya jiwe la sabuni ya Tabaka, ambako mafundi huchora juu ya jiwe lenyewe. Tena pande hizo zina mashujaa wasioachiwa picha, na mmoja wa mashujaa wetu wa pwani alipata kufungwa huko huko.

Mtu mmoja, kumbukumbu mbili

Watu wa Mombasa wanamjua Tom Mboya kwa barabara ya Tudor yenye jina lake. Bandarini anajulikana kwa jambo jingine. Machi 1955 makuli wa Kilindini waliweka kazi chini, na Mboya, wakati huo kiongozi wa vyama vya wafanyakazi mwenye umri wa miaka 24, alishuka Mombasa kusuluhisha. Mwisho wa yote makuli walipata nyongeza ya mshahara ya karibu theluthi moja.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, lakini asili ya jamaa zake ni kisiwa cha Rusinga, ambacho leo kiko katika Kaunti ya Homa Bay. Desemba 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra. Mwaka 1959 alikuwa mbele katika mpango wa kuwapeleka vijana kusoma Marekani, na ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi mjini Nairobi, kwenye barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue, akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Akazikwa Rusinga.

Ukitoka mji wa Homa Bay unakwenda hadi Mbita, unavuka maji kuingia Rusinga, na huko kaburi lake limejengewa jengo lenye umbo la risasi. Ndani yake mmewekwa baadhi ya vitu vyake. Jengo lenyewe halina uso wala mkono wala suti. Aliyelichora aliamua kwamba kinachokumbukwa hapa ni namna mtu huyu alivyotolewa duniani.

Kumbukumbu ya pili iko Nairobi, hatua chache kutoka pale alipouawa. Ilifunuliwa Oktoba 2011 na Rais Mwai Kibaki, na mchongaji wake ni Oshottoe Ondula. Hapo Mboya amesimama mzima, amevaa joho refu, na chini yake kuna ndege aina ya flamingo, wale tunaowaita pia heroe. Mimi nikiwatazama ndege wale nakumbuka wanafunzi waliopanda ndege kwenda ng'ambo. Kumbukumbu hii inasimulia uhai wake na aliyowafanyia wengine.

Marehemu ni yule yule, na kifo ni kile kile. Tofauti yote iliamuliwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, mtu alipokaa na kalamu akajiuliza: nikumbushe nini? Kila kumbukumbu njema huanza na swali hilo, na jibu lake huwekwa kwanza kwenye karatasi.

Mchoro wa awali hufanya kazi gani

Wengi hudhani mchoro ni picha nzuri ya kumwonyesha anayelipa. La. Mchoro ni chombo cha kufikiria. Tuchukue mfano: tuseme umepewa kazi ya kumchonga Mboya wa mgomo wa Mombasa, asimamishwe karibu na bandari. Utapita hatua hizi.

Kwanza, ushahidi. Unakusanya picha, unasoma magazeti ya wakati ule, unawasikiliza waliomjua. Hapo unagundua kwamba picha nyingi za watu maarufu zimepigwa kwa mbele. Sanamu ina kisogo, ina masikio mawili, ina mgongo. Unatafuta picha za ubavuni na picha alizosimama na wenzake, upate kukadiria urefu wake. Tena unachunga miaka. Uso wa kijana wa miaka 24 si uso wa waziri wa miaka 38, na ukichanganya picha za nyakati mbili utapata mtu wa tatu ambaye hakuwahi kuwako.

Pili, michoro midogo ya haraka, mingine haizidi ukubwa wa kibiriti. Mchongaji anaweza kuchora hamsini kwa siku moja. Hatafuti sura bado, anatafuta umbo la jumla: amesimama au anatembea, mkono uko juu au umeshika karatasi, yuko peke yake au yuko kati ya makuli. Kuna jaribio la zamani na rahisi: lipake umbo lote wino mweusi. Kama kivuli kile peke yake hakisemi kitu, hata ukiongeza vifungo vya koti hakitasema.

Tatu, pande zote. Umbo lililochaguliwa huchorwa mbele, nyuma, kulia na kushoto kwa kipimo kimoja. Hapa ndipo mambo mengi huumbuka. Mkono uliopendeza kwa mbele, ukiutazama kwa ubavuni unakuta umening'inia bila nguvu. Tena sanamu huwekwa juu ya kitako, na mtazamaji huinua macho. Ukiitazama kutoka chini, kichwa huonekana kidogo kuliko kilivyo, kwa hiyo wachongaji wengi hukikuza kidogo tangu kwenye mchoro. Asiyejua hilo humtoa shujaa mwenye miguu mikubwa na kichwa cha mtoto.

Nne, mchoro wa mahali. Jua linachomoza wapi? Watu wanapita upande gani? Kuna steji ya matatu, kuna mti, kuna bango la tangazo nyuma yake? Kwa sisi wa pwani ongeza chumvi. Sanamu ya saruji ina nondo ndani, na hewa ya bahari ikipenya nondo hushika kutu, huvimba na kupasua saruji. Mchoro mzuri wa Mombasa au Lamu lazima uonyeshe chuma gani kiko ndani, kimefunikwa kwa unene gani, na maji ya mvua yatatokea wapi.

Tano, mfano mdogo wa udongo au plasta, mara nyingi wa sentimita thelathini hadi hamsini. Huu ni mchoro pia, ila unaweza kuuzunguka. Hapa hesabu inaingia. Ukitoka mfano wa nusu mita kwenda sanamu ya mita tatu, urefu umeongezeka mara 6, eneo la kufunikwa mara 36, na ujazo mara 216. Kosa la nusu sentimita kwenye kidevu cha mfano linakuwa sentimita tatu kwenye sanamu, na kila mpita njia ataliona.

Baada ya hapo ndipo kazi kubwa huanza. Kiunzi cha chuma husimamishwa, udongo hupakwa juu yake, sura hufanywa kwa ukubwa kamili, kisha hutolewa kalibu. Kwa bronzi, ambayo ni shaba iliyochanganywa na bati, ndani ya kalibu hupakwa nta, nta hufunikwa kwa mchanganyiko unaostahimili moto, huyeyushwa itoke, na madini yaliyoyeyuka humiminwa palipokuwa na nta. Ndiyo maana sanamu ya bronzi huwa na uwazi ndani. Vipande huunganishwa kwa kuchomelewa, hupigwa tupa, na rangi yake hutengenezwa kwa dawa na moto. Kwenye hatua hii hakuna tena nafasi ya kuuliza kama mzee alikuwa akivaa miwani.

Tabaka, ambako karatasi ni jiwe

Ukitoka mji wa Migori kuelekea Kisii unapita Awendo na Rongo. Ng'ambo kidogo ya mpaka wa kaunti, upande wa Kisii, iko Tabaka. Hapo ndipo kwenye machimbo ya jiwe ambalo dunia nzima inalijua kama jiwe la Kisii. Ni laini kwa sababu lina madini ya ulanga, na ukiligusa linateleza kama sabuni. Hutoka jeupe, la maziwa, la waridi, la kijivu, hata lenye mishipa ya rangi mbili.

Nilichopenda Tabaka ni kuona mchoro ukifanyiwa kazi pasipo karatasi. Fundi huligeuza bonge mara kadhaa kwanza, akitafuta ufa. Akiupata, umbo hubadilishwa hapo hapo ili ufa uangukie kwenye sehemu itakayoondolewa. Kisha huchora mistari michache juu ya jiwe, hupunguza kwa panga na tezo, na mistari ikishaondoka na vumbi huchora upya. Kwa hiyo mchoro mmoja hufanywa mara nyingi, kila mara ndani zaidi. Baadaye huja patasi ndogo, kisu, tupa, msasa na maji, na mwisho nta ya kung'arisha.

Wachongaji wa Lamu wataitambua kazi hii. Fundi wa nakshi za milango naye huanza kwa bikari na penseli juu ya mbao, akigawa duara na kupima jani la mwisho lisije likakosa nafasi. Mkono wa patasi haumalizi hesabu ambayo penseli haikuianza.

Tabaka imemtoa Elkana Ong'esa, ambaye sanamu yake ya ndege wa amani anayechomoza kutoka kwenye jiwe iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Ukiitazama kazi ya namna hiyo unaelewa kuwa kusoma jiwe kabla ya kulikata ni elimu kamili, ingawa haijaandikwa vitabuni. Ila jiwe la sabuni lina mpaka wake. Ni laini, hukwaruzika, na vipande vyembamba kama vidole hukatika upesi. Anayetaka sanamu ya kusimama barabarani watu wakiiegemea anapaswa kuujua mpaka huo tangu kwenye mchoro, aliweke umbo lifungamane, mikono iwe karibu na kiwiliwili.

Shujaa asiye na picha

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Homa Bay ni nyumbani kwa Gor Mahia, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, pande za Ndhiwa. Wapenda mpira wanalijua jina lake kwa timu iliyoanzishwa mwaka 1968. Pande za Gwassi, karibu na Nyandiwa, husimuliwa habari za Nyamgondho, mvuvi aliyemvua mwanamke ziwani, akatajirika, kisha akapoteza vyote kwa ulevi na dharau. Utampa Nyamgondho pua gani? Hata Gor Mahia, ambaye hakika aliishi, masimulizi yake yanasema alikuwa akijigeuza umbo. Kumpa sura moja ya kudumu ni kuyapinga masimulizi yenyewe.

Pwani tuna Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 aliwaongoza Wagiriama kuukataa utawala wa Waingereza, yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola. Serikali ya kikoloni iliwakamata ikawahamishia Kisii. Wakati ule Kisii ilikuwa makao ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyobeba pia nchi ambazo leo ni Homa Bay na Migori. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka wakarudi kwao, safari ambayo kwa barabara za leo ni kama kilomita 900. Sanamu yake ipo Malindi, katika bustani yenye jina lake.

Kwa shujaa wa namna hii mchoro hauanzi na uso, unaanza na kitendo. Mekatilili ana vitendo vitatu angalau vya kuchagua. Yuko mwanamke anayecheza kifudu, ngoma ya matanga, akiwakusanya watu kwa ngoma hiyo. Yuko mwanamke mwenye kuku na vifaranga, anayesimuliwa kumwambia afisa wa Kiingereza ajaribu kuchukua kifaranga aone mama atafanya nini. Na yuko mwanamke anayetembea, ametoka Kisii, miguu ina vumbi, nyumbani bado mbali. Kila kimoja kinadai mchoro wake, na kila kimoja kitawafundisha watoto jambo tofauti. Mavazi nayo yachunguzwe: hando lilikuwa la kitambaa gani mwaka 1913, lilifungwaje, shanga zilikaa wapi. Hayo wanayajua kina mama wa Kaloleni na Ganze kuliko ofisi yoyote. Wakiitwa mchoro ungali penseli, watamsaidia fundi. Wakiitwa siku ya sherehe, watapiga vigelegele tu.

Waliofikiri kwanza, na walioharakisha

Afrika Mashariki ina kazi ambazo nguvu yake yote iko kwenye wazo la mchoro. Mwaka 1962 Gregory Maloba, mzaliwa wa magharibi ya Kenya aliyefundisha Makerere, alisimamisha mnara wa uhuru mjini Kampala: mama aliyezungushiwa vitambaa vilivyomfunga, anamwinua mtoto juu. Hakuna waziri wala bendera, na mtoto wa darasa la pili anaelewa.

Mkunazini, Unguja, mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden aliwaweka watumwa wake shimoni, chini ya usawa wa ardhi, wamefungwa minyororo shingoni. Mtazamaji analazimika kuinama macho. Uamuzi wa kuchimba shimo badala ya kujenga kitako ni uamuzi wa kwenye mchoro.

Uhuru Park, Nairobi, kumbukumbu ya waliopigania uhuru na kuteswa, iliyofunuliwa Septemba 2015, inaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji wa Mau Mau chakula, nao wamegeuziana visogo. Wasipotazamana, hakuna atakayeweza kumtaja mwenziwe akishikwa. Historia nzima ya msitu imekaa katika namna watu wawili walivyosimama.

Hata wakoloni walilijua hili. James Alexander Stevenson alitengeneza sanamu za askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa Dar es Salaam mwaka 1927 na kwa Nairobi mwaka 1928. Dar es Salaam alimweka askari mmoja mwenye bunduki yenye singe. Nairobi aliweka watatu. Mkono ni mmoja na vita ni vile vile, ila kila mji ulipata mchoro wake. Mombasa nasi tuna kumbukumbu yetu ya askari hao, Jomo Kenyatta Avenue, na ni vyema mtu asimame siku moja aihesabu na kuitazama badala ya kupita tu na tuktuk.

Upande wa pili, mwaka 2024 Eldoret ilipokuwa ikijiandaa kupewa hadhi ya jiji, sanamu za wanariadha zilizosimamishwa mjini zilichekwa kote nchini hadi zikaondolewa. Mwaka huo huo sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunuliwa Addis Ababa, katika makao ya Umoja wa Afrika, na Watanzania wengi wakalalamika kwamba sura si yake. Mwenye kuumia katika mambo haya ni yule anayekumbukwa, pamoja na jamaa zake. Mkimbiaji aliyeiletea nchi medali hakustahili kuwa kichekesho cha simu.

Swali letu la pwani

Kuna jambo ambalo haliwezi kuepukwa tukizungumzia sanamu pwani. Wengi wetu hatupendi umbo la binadamu lisimamishwe, kwa sababu za dini, na wengine hawaoni tatizo. Sina fatwa ya kutoa. Ninachosema ni kwamba mahali pa kulizungumza hilo ni kwenye mchoro, wakati uso bado unaweza kuachwa.

Na kuuacha uso si umaskini. Pwani ina karne nyingi za kumbukumbu zisizo na sura. Makaburi ya nguzo ya Gedi, Mambrui na Takwa yaliwaheshimu wakubwa wa miji kwa umbo la nguzo, maandishi na mabakuli ya kauri. Kaburi moja la Gedi lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Pembe za Moi Avenue, zilizotengenezwa kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza miaka ya 1950, hazina sura ya mtu yeyote na bado ndizo alama ya Mombasa. Rusinga nao walichagua risasi. Mji unaotaka kuwakumbuka makuli wa 1955 unaweza kuchora gunia, kamba na ngazi ya meli, na kila mzee wa Majengo akajua ni nani wanaosemwa.

Mambo ya kuuliza mchoro ungali mezani

Niliwahi kukaa katika kikao cha maoni, katika kaunti ambayo sitaitaja, tukaonyeshwa picha moja ya kompyuta: sanamu kwa mbele, anga la buluu, miti isiyoko mjini hapo. Hapakuwa na upande wa nyuma, wala kipimo, wala mtu aliyechorwa pembeni tujue ukubwa. Tuliombwa tupige makofi. Kikao cha namna hiyo si ushirikishwaji. Katiba ya 2010 inautaja ushirikishwaji wa wananchi katika kifungu cha 10 na haki ya kupata habari katika kifungu cha 35, na tangu 2016 ipo sheria ya kuitumia haki hiyo. Basi tukiitwa, tuulize:

1. Kumbukumbu hii inakumbusha kitendo gani, cha mwaka gani?
2. Tuonyesheni mbele, nyuma na pande mbili, pamoja na mtu wa kawaida aliyechorwa pembeni.
3. Sura imetokana na picha zipi, na jamaa wa marehemu wameziona?
4. Mavazi na vitu vya mkononi vimethibitishwa na nani?
5. Upo mfano mdogo wa kuuzunguka, na utawekwa wapi watu wauone kwa wiki kadhaa?
6. Ndani kuna nini, na kitastahimili chumvi na mvua kwa namna gani?
7. Msanii amelipwa kwa michoro peke yake, hata kama kazi haitaendelea?

Swali la mwisho ni la haki. Mahali pengi fundi huombwa alete michoro bure, kisha michoro hiyo hupewa mwenye bei ya chini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inazitambua kazi za kuchora kama inavyozitambua sanamu. Mkataba useme wazi michoro ni ya nani na inatumiwaje. Msanii aliyelipwa kwa kufikiri hatakuwa na haraka ya kumimina saruji.

Na michoro isitupwe. Katika Kaunti ya Migori kuna Thimlich Ohinga, makazi yenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala chokaa, ambayo yanakadiriwa kuwa ya karne ya 16. UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zimesimama hadi leo, lakini waliozipanga hawakutuachia mchoro hata mmoja, kwa hiyo wataalamu hukisia kwa kupima mawe. Sisi tuna karatasi, tuna makumbusho ya Fort Jesus, tuna maktaba za kaunti. Kila sanamu inayosimamishwa pwani, michoro yake yote iwekwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuiomba, pamoja na ile iliyokataliwa na sababu za kukataliwa. Siku sanamu ikipasuka, fundi wa kuitengeneza atahitaji kuijua ilivyokuwa. Na siku mjukuu atakapouliza kwa nini babu yake kuli aliwekewa gunia badala ya uso, jibu litakuwepo kwa maandishi ya waliokaa wakashauriana.